Kipandikizi cha mgongo kinachotanuka: dogo wa Ujiji anataka hataza, mkaguzi atamkamatia wapi? (uzi mrefu)

KabariYaBangwe

Wakuu nawasalimu toka Kigoma, wa Tabora na Kasulu sogeeni mbele.

Kuna dogo mmoja wa Ujiji anasoma ufundi mitambo, kaja na mchoro wa kipandikizi cha uti wa mgongo ambacho kinaingia mwilini kikiwa kifupi halafu kinatanuka kikishakaa mahali pake. Anataka hataza, yaani patent. Kaniruhusu nilizungumze wazo kwa ujumla, mchoro wenyewe hautawekwa humu na msimsumbue kumuomba, sababu nitaisema huko mbele. Mimi kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuandaa maombi ya hataza za vifaa tiba na kujibizana na wakaguzi, kwahiyo badala ya kumjibu PM nikaona niweke uzi, maana vijana wengi wanadhani mkaguzi wa hataza anakaa anaangalia kifaa kizuri, anafurahi, anagonga muhuri. Wapi! Mkaguzi hana habari na uzuri wa kifaa chako wala watu wangapi utawaponya. Anachukua maneno uliyoyaandika kwenye madai, yaani ile sehemu ya ombi inayosema hasa nini unataka kiwe chako, anauliza kitu chenye sifa hizi kilishawahi kuwepo au kuandikwa popote duniani kabla ya tarehe uliyopeleka ombi? Kama kilikuwepo umekwama, hata kama chako kinafanya kazi vizuri mara kumi kuliko hicho.

Tuanze na kifaa kwa wasiokijua. Kiunoni tuna pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna diski inayopokea mshtuko. Diski ikichakaa au ikichomoka inabana mishipa ya fahamu, ndo yale maumivu yanatoka kiunoni yanashuka mguuni mtu hawezi hata kukaa. Wengi wanapata nafuu kwa dawa na mazoezi, ila kuna ambao daktari anaamua kuitoa diski na kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Ukishaitoa panabaki pengo, pingili ya juu inaanza kuishukia ya chini, sasa inabidi uweke kitu cha kushikilia nafasi mpaka mfupa uote. Hicho ndo keji, kiboksi chenye uwazi katikati, unakijaza vipande vya mfupa. Keji ya kawaida haibadiliki urefu, kama pengo linataka milimita 12 basi unaingiza kitu cha milimita 12 kwa kukigongagonga, kupitia kanjia kembamba pembeni kabisa ya mishipa ya fahamu. Inayotanuka inaingia fupi, halafu daktari anazungusha skrubu kwa bisibisi ndefu, mabamba mawili yanaachana taratibu hadi urefu anaoutaka.

Wazo tamu, ila ni la kitambo sana, na shida ya dogo inaanzia hapo hapo.

Wengi hamjui kwamba keji imeanzia kwa farasi. Daktari wa mifupa wa Marekani anaitwa George Bagby alitengeneza kikapu cha chuma cha pua chenye matundu, akakitumia na wataalamu wa mifugo kwenye shingo za farasi waliokuwa wanayumba kwa sababu uti wao umebanwa. Baadaye kikaboreshwa kwa ajili ya binadamu, na keji ya BAK ikapata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, 1996. Kuanzia hapo watu wakajazana. Daktari mwingine wa Marekani, Gary Michelson, alikuwa na rundo la hataza za mgongo, mwaka 2005 kampuni ya vifaa tiba ya Medtronic wakakubali kutoa dola bilioni 1.35 kumaliza kesi na kuzichukua hizo hataza. Kwahiyo mjue dogo wetu anaingia sehemu ambayo wenye hela wameshaijaza makaratasi kila kona, na kila karatasi pale linaweza kutumika kumwangusha.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

Mkuu heshima yako. Mimi ni fundi magari hapa Tabora, sijasoma hayo ya hospitali, ila hicho ulichokieleza si jeki tu hiyo? Skrubu inazunguka, mikono inafunguka, gari linapanda. Sasa mtu anapewaje hataza kwa jeki?

Mama_Mawese

Nasubiri muendelezo. Uzi kama huu unasomwa na kahawa kabisa.

KabariYaBangwe

@Mnyamwezi_wa_Cheyo kaka umeongea kitu ambacho mkaguzi mwenyewe anaweza kukiandika kwenye barua na wala asicheke. Watu wanadhani ukiwa unaomba hataza ya kifaa tiba basi mkaguzi atatafuta kwenye vifaa tiba peke yake. Kama tatizo unalotatua ni "nitainuaje kitu kizito kwenye nafasi finyu kwa kuzungusha skrubu", fundi yeyote mwenye akili angechungulia jeki, kwahiyo na jeki inaingia kwenye ushahidi dhidi yako.

Kuna kesi ya Marekani ya 2007, KSR na Teleflex, ilikuwa ya pedeli ya mafuta ya gari. Pedeli inayorekebishika ilikuwepo, sensa ya kielektroniki nayo ilikuwepo, mtu kaziunganisha akapewa hataza. Mahakama ya Juu ya kule ikasema kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana, kila kimoja kinafanya kazi yake ile ile ya siku zote, na matokeo yanatabirika, huo sio uvumbuzi. Toka hapo wakaguzi wa Marekani wamepata silaha kubwa. Ukienda na keji yenye kabari na skrubu anakuambia keji hii hapa, kabari ya kuinua kwa skrubu hii hapa, mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeziunganisha, imekataliwa, asante.

Ila jeki na keji zinatofautiana mahali, na dogo inabidi akajifiche humo kwenye tofauti. Jeki inainua gari nusu saa halafu unaishusha. Keji inabaki ndani miezi na miaka, mtu anatembea, anainama, anakohoa, mzigo unapanda na kushuka bila kupumzika. Kuna kipimo cha ASTM, shirika la viwango, kinaitwa F2077, kifaa kinabanwa na kuachiwa kwenye mashine hadi mizunguko milioni 5 kuangalia kama kitavunjika au kitalegea. Jeki yako ya Tabora ipeleke huko uone.

Lathe_Ujiji

Ndo mimi dogo mwenyewe wakuu, shikamooni wakubwa. Bro Kabari mimi ninachojiuliza, kwangu skrubu haiwezi kurudi nyuma yenyewe, nimepiga hesabu ya mwinamo wa nyuzi ni mdogo kuliko pembe ya msuguano, kwahiyo inajifunga. Hicho si kipya? Maana nyingi nilizoona zina kifungio cha ziada. Halafu nilikuwa nataka niweke angalau picha moja ya mchoro watu wanipe maoni, imekaa vizuri sana.

KabariYaBangwe

Marahaba mdogo wangu. MCHORO USIWEKE. Tena hata kule kwenye magrupu ya WhatsApp ya chuo usiweke. Sheria ya upya haiangalii nani kakitoa kitu hadharani, hata ukikitoa wewe mwenyewe kimeshatoka. Ulaya ukishabandika hadharani kabla ya kupeleka ombi umejimaliza, hawana msamaha zaidi ya kama umeibiwa au umekionyesha kwenye maonyesho rasmi machache sana ya kimataifa. Marekani wanakupa mwaka 1 wa huruma kwa ulichotoa wewe mwenyewe. Sasa usiishi kwa kutegemea huruma ya Wamarekani wakati unaweza kukaa kimya bure. Kuwaonyesha watu waliokubali kwa maandishi kutunza siri hiyo ni sawa.

Kuhusu skrubu kujifunga. Hesabu yako iko sawa kabisa na ndo maana haitakusaidia. Mkaguzi akikuta karatasi ya zamani yenye skrubu ya nyuzi nyembamba inasukuma kabari, hata kama aliyeandika hakugusia kabisa kwamba inajifunga, atasema skrubu ile kwa mwinamo ule lazima ijifunge, ni tabia yake ya asili, kwahiyo sifa unayodai ilikuwepo muda wote. Huwezi kumiliki tabia ya kitu cha zamani kwa sababu wewe ndo umeitaja wa kwanza. Wahandisi wengi wanaumia hapa kwa sababu wanadai fizikia badala ya kudai umbo.

Ngoja niwaonyeshe mkaguzi anavyofanya, kwa mfano ambao hauna siri ya mtu kwa kuwa kila kitu humo kimezeeka. Tuseme dai la kwanza limeandikwa hivi:

*Kipandikizi cha kuwekwa kati ya pingili mbili, chenye bamba la juu, bamba la chini, kabari iliyo kati ya mabamba hayo, na skrubu ambayo ikizungushwa inaisogeza kabari na kuyaachanisha mabamba.*

Mkaguzi analichanachana: bamba la juu, bamba la chini, kabari, skrubu, na uhusiano wao. Kisha anaingia kwenye hifadhi za hataza kwa alama ya kundi, hivi vya mgongo vipo A61F 2/44, anaanza kufukua. Akipata karatasi MOJA yenye vipande vyote vikiwa vimeungana hivyo hivyo, anaandika dai halina upya, mchezo umeisha. Kwa dai kama hili atazipata nyingi, achague tu ya kuanza nayo.

Basi unarudi unaongeza kitu, mfano "na kifungio chenye meno kinachozuia kabari kurudi". Sasa ile karatasi ya kwanza haina meno. Mkaguzi hakati tamaa, anatafuta ya pili yenye meno, labda ni keji nyingine, labda ni kifaa cha kufunga mfupa uliovunjika, anaziweka pamoja anasema hatua ya uvumbuzi hakuna, aliyeona tatizo la kabari kurudi angechukua meno ya huku akayapachika kule. Kuanzia hapa ndo unabishana kwa hoja, na mtu anayekijua kifaa chake anamshinda mtu mwenye wakili wa bei mbaya.

Hoja ya kusema "changu ni bora" haisaidii. Inayosaidia ni kama hii: karatasi ya kwanza ule uwazi wa kati wameuacha kwa ajili ya mfupa, ukipachika meno ya karatasi ya pili yanakaa hapo hapo kwenye uwazi, mfupa unakosa pa kuota, kwahiyo mtu mwenye ujuzi asingeziunganisha, angekuwa anaiharibu ya kwanza. Au unaonyesha kuwa zikiunganishwa kabari inakwama kabla ya kufika mwisho. Hoja za chuma na nafasi, sio za kusifia.

Sister_Zamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi huku huku Kigoma, wodi ya majeruhi. Nyie mnaongelea mabamba na meno, mie nawaona watu. Tuna wanaopanda michikichi wakadondoka na mkungu, tuna boda, tuna wabeba mizigo wa pale mwaloni Kibirizi ambao viuno vimekwisha wakiwa bado vijana, halafu kuna TB ya mgongo inayokula pingili kabisa. Wakihitaji upasuaji wa aina hiyo ni rufaa, Bugando kule Mwanza au MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, na ndugu wakisikia safari na gharama wengine wanaamua kurudi nyumbani na mgonjwa wao. Swali langu: huyu mdogo wetu akipata hiyo hataza, kifaa kinaruhusiwa kutumika? Na TB je, kinafaa?

KabariYaBangwe

Dada asante sana, swali muhimu kuliko yote humu.

Hataza sio kibali cha kumuwekea mtu kitu mwilini. Hataza inakupa haki ya kuwazuia WENGINE wasitengeneze wala kuuza bila ruhusa yako, basi, kwa muda ambao kwa nchi nyingi ni miaka 20 toka siku ya kupeleka ombi. Kuhusu usalama huko ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wale waliokuwa TFDA wakabadilishwa jina 2019, na hao wanataka vipimo, ushahidi wa kuwa chuma hakidhuru mwili, usafi wa kiwanda, mambo mengine kabisa. Mkaguzi wa hataza hawezi hata kukuuliza kama umeijaribu kwa mtu. Unaweza kuwa na hataza safi ya kitu ambacho hakitawekwa kwa mgonjwa hata siku moja, na zipo nyingi mno za namna hiyo.

Tena hata hataza yenyewe haikupi haki ya kutengeneza cha kwako. Kama chako kimekaa juu ya hataza ya mtu ambayo bado iko hai katika nchi hiyo, wewe una hataza na bado unahitaji ruhusa yake. Ila upande wa pili ni mzuri kwetu. Hataza ya Marekani haina nguvu Kigoma. Kama mwenyewe hakuomba ulinzi hapa Tanzania, wala kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, akaitaja Tanzania, hapa ni ruksa kukitengeneza, na karatasi lake limeeleza hatua zote na michoro. Vijana wetu hawalitumii hilo kabisa, inaniuma.

TB ya mgongo ni habari nyingine. Pale mara nyingi pingili yenyewe imeliwa, sio diski peke yake, kwahiyo kinachotafutwa ni kipandikizi kirefu cha kuziba nafasi ya pingili nzima, navyo vya kutanuka vipo tangu zamani. Cha dogo ni cha nafasi ya diski.

Asiyejulikana_KGM

Mnamdanganya mtoto wa watu. Atumie hela zake za ada kwenye makaratasi, akipata hataza Mchina anakopi kesho yake asubuhi, atamshtaki wapi? Afadhali hela hiyo anunue mtumbwi na nyavu.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

@Asiyejulikana_KGM Siku zote wewe ni mtumbwi na nyavu. Ziwa lenyewe linafungwa miezi.

KabariYaBangwe

@Asiyejulikana_KGM una hoja nusu. Ni kweli hataza bila uwezo wa kuitetea ni karatasi. Lakini dogo hategemei kwenda kumshtaki mtu China. Anachokitafuta ni kuwa na kitu mkononi akienda kuongea na kampuni au chuo au mfadhili, maana bila ombi lililopelekwa, ukimueleza mtu wazo lako unalimwaga tu. Na hela anaweza kuzipanga. Ukipeleka ombi la kwanza unapata miezi 12 ya kupeleka nchi nyingine huku ukihesabiwa kwa tarehe ile ile ya mwanzo. Ukipitia mkataba wa PCT, ule wa kimataifa wa kupeleka ombi moja kwa nchi nyingi, ambao Tanzania tumo, uamuzi wa kuingia nchi moja moja unausogeza zaidi ya hapo, na katikati unapata ripoti ya utafutaji inayokuonyesha karatasi zitakazokuangusha. Ripoti ikiwa mbaya unaacha, hujauza shamba.

Kwetu njia ni mbili. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa hataza ya kitaifa, hiyo ni ya Bara, Zanzibar wana sheria yao. Au ARIPO ambao ofisi yao iko Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 unapeleka ombi moja, unataja nchi unazozitaka, wao wanakagua kwa undani, halafu kila nchi uliyoitaja inapewa miezi 6 ya kusema kama inakataa. Kwa kifaa kama hiki ningeshauri ARIPO, utakutana na mkaguzi anayechimba kweli kweli na ni afadhali uchimbwe mapema. Halafu sheria yetu ya hataza, ile ya 1987, ina cheti cha ubunifu mdogo ambacho hakidai hatua ya uvumbuzi, kinadai upya na kutumika viwandani tu. Watu wanakidharau. Kwa kitu ambacho ni maboresho madogo ya keji, mimi sikidharau.

Lathe_Ujiji

Nimeelewa bro. Mimi nilikuwa nimeandika madai matatu: kifaa, bisibisi yake, na namna ya kumfanyia mgonjwa upasuaji hatua kwa hatua. Hilo la tatu nililipenda maana daktari mmoja alinisaidia kulipanga.

KabariYaBangwe

La tatu linakufa hapa nyumbani. Sheria ya Tanzania, na Ulaya pia, haitoi hataza kwa namna ya kutibu mwili wa binadamu kwa upasuaji. Nadhani ni haki, fikiria daktari wa Bugando anamfungua mgonjwa halafu aanze kujiuliza kama hatua ya nne ina mwenyewe. Ila kifaa kinachotumika kwenye upasuaji huo kinaruhusiwa, kwahiyo hujapoteza, unachofanya ni kuzihamisha zile hatua kuwa sifa za kifaa. Kama hatua yako ilikuwa "daktari anasukuma mfupa ndani baada ya kutanua", basi andika kwamba kifaa kina njia inayobaki wazi kikiwa kimetanuka, ya kupitishia mfupa. Ni wazo lile lile limekaa kwenye chuma badala ya kwenye mikono ya daktari. Marekani dai la upasuaji wanalikubali, japo toka 1996 wana kifungu kinachomkinga daktari asishtakiwe kwa kulitumia, kwahiyo kama utaingia kule kaliweke, hapa litoe.

La bisibisi angalia, ombi moja ni la uvumbuzi mmoja. Kama bisibisi yako inaweza kusimama peke yake bila kile kifaa, mkaguzi atakuambia uchague kimoja, kingine ukiombee pembeni kwa ada nyingine. Ukiandika ncha ya bisibisi inavyoshikana na kile cha kwako tu, vinabaki familia moja.

Na sasa sehemu ambayo naomba uisome mara mbili. Ukishapeleka ombi HUWEZI kuongeza kitu kipya ndani yake. Kurekebisha madai unaruhusiwa, lakini kwa kutumia vitu ambavyo tayari vilikuwa kwenye maelezo na michoro ya siku ya kwanza. Watu wanaandika maelezo mafupi kwa sababu wamechoka au wanaogopa kutoa siri, mkaguzi akiwabana wanatafuta pa kurudi nyuma hawapaoni. Kwahiyo siku ya kwanza mimina kila kitu. Kabari moja, kabari mbili zinazokuja toka pande mbili, inayotanuka mbele zaidi kuliko nyuma ili kurudisha ule upinde wa kawaida wa kiuno, uwazi wa mfupa ukiwa katikati au pembeni, titani au plastiki ya PEEK, pembe za mwinamo toka ngapi hadi ngapi, na KWA NINI. Ile kwa nini ndo utakuja kuitumia kubishana.

Mfano hai. Tatizo kubwa la keji hizi ni kuzama. Bamba likiwa dogo, mzigo wote unakaa sehemu ndogo, linadidimia kwenye pingili, na mifupa ya wazee ni laini. Ukitanua kwa nguvu kupita kiasi ndo unaizamisha mwenyewe mezani pale pale. Sasa kama umbo lako linasambaza mzigo hadi ukingoni mwa pingili ambako mfupa ni mgumu zaidi, lieleze, chora mishale ya mzigo inakopita. Miaka miwili baadaye mkaguzi akikuletea karatasi yenye umbo linalofanana nusu, unamwambia ile inabebea katikati, yangu ukingoni, na sababu niliiandika toka siku ya kwanza ukurasa huu hapa. Kama hukuandika, utaonekana umeibuni baada ya kubanwa.

Sister_Zamu

Hapo kwenye kuzama umenigusa, tuna bibi alirudi toka huko alikopasuliwa, mwaka haujaisha maumivu yale yale. Sijui kama ndo hiyo.

KabariYaBangwe

Pole yake bibi. Hilo ni la daktari wake na picha, mimi siwezi kulisemea hapa.

Mama_Mawese

Jamani mimi muuza mawese nimeelewa mpaka dai la kwanza, mjue mwalimu yupo. Swali la kijinga: huyo dogo atajuaje kama cha kwake kipo tayari huko duniani bila kulipa mtu?

KabariYaBangwe

Si la kijinga mama, ndo la kwanza ambalo wengi hawaulizi. Espacenet, Google Patents na Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, ni bure, bando tu. Usitafute kwa jina la kifaa, kila kampuni inaita kivyake. Ingia kwa alama niliyoisema, A61F 2/44, anza na michoro, jicho la fundi linaona kabari haraka kuliko kusoma kurasa arobaini za Kiingereza cha kisheria. Ukipata inayofanana, ruka hadi kwenye madai mwishoni, soma la kwanza. Kisha angalia karatasi zilizotajwa dhidi yake na mkaguzi wake, hizo ndo zitakazokuja kwako pia. Na barua za mabishano kati ya mwombaji na mkaguzi nazo ziko wazi kwa maombi mengi ya Marekani na Ulaya, unasoma mtu alivyobanwa na alivyojinasua, na hakuna chuo kitakachokufundisha hilo. Ila ujue maombi yanakaa siri miezi 18 kabla ya kuchapishwa, kwahiyo hata ukitafuta vizuri kuna yaliyo njiani huyaoni. Hiyo bahati nasibu wote tunaicheza.

Asiyejulikana_KGM

Sawa nimesoma mpaka hapa. Sibadilishi la mtumbwi, ila dogo atafute hizo za bure kwanza kabla ya kulipa mtu.

Lathe_Ujiji

Nimeingia tangu mchana bro, nimekaa pale Mwanga kwenye wifi ya jamaa. Dah. Kabari mbili zinazokuja toka pande mbili zipo, nyingi. Ya kutanuka mbele zaidi kuliko nyuma ipo. Njia ya kupitishia mfupa ipo. Kifungio cha meno kipo cha kila aina. Nilivunjika moyo kidogo. Ila lile umbo la kubebea ukingoni pamoja na ile sehemu yangu nyingine uliyoiona, vikiwa pamoja sijaviona popote, nimefungua nyingi mpaka macho yanauma.

KabariYaBangwe

Hayo ndo matokeo mazuri, usivunjike moyo. Kwenye eneo lililojaa hivi hakuna anayepewa "kipandikizi kinachotanuka", hiyo imeshakwenda. Unapewa namna. Ukiwa na namna moja ambayo haipo na inatatua tatizo ambalo zilizopo hazijalitatua, dai lako litakuwa jembamba lakini litasimama. Jembamba linalosimama ni mali, pana linalokataliwa ni risiti ya ada.

Sasa fanya hivi. Dai la kwanza liwe na vile vitu viwili tu pamoja na vya lazima ili kifaa kiwe kifaa. Meno, titani, pembe kamili, vyote vishushe madai ya chini yanayotegemea la kwanza, ili mkaguzi akilibomoa la kwanza uwe na ngazi za kushukia. Ukikataliwa mara ya kwanza usiogope, maombi mengi sana yanakataliwa barua ya kwanza, Marekani wanakupa miezi 3 ya kujibu na unaweza kununua hadi 6. Barua ya kwanza ya mkaguzi ni mwanzo wa maongezi. Andika upya unitumie PM, usibandike hapa.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

Mimi naomba niulize, hiyo sehemu nyingine mliyoiona wawili ni ipi? 😂

KabariYaBangwe

Kaka endelea na jeki zako.

Lathe_Ujiji

PM imetumwa. Dai la kwanza limekuwa la mistari sita.

KabariYaBangwe

Limefika, nimelisoma. Mistari sita ni sawa. Ila umeacha neno titani kwenye mstari wa tatu, nilisema lishuke. Likibaki hapo, mtu akitengeneza kile kile kwa PEEK amekukwepa na huna la kumfanya. Litoe, lipeleke dai la nne, na kwenye maelezo ongeza PEEK na chuma cha pua. Mchoro wa pili nao namba ya kabari umeirudia kwenye bamba la chini, irekebishe kabla haujaenda kwa wakala.